Maji ya kulowea chatu na anakonda: mambo ya kujua kabla ya kumweka nyoka mkubwa

Tangu nihamie Rangwe, kaunti ya Homa Bay, simu ninazopigiwa kutoka nyumbani Pwani ni za aina mbili. Za kwanza ni za harusi na misiba. Za pili ni za nyoka. "Kaka, chatu hatoki majini siku ya tatu, ana nini?" "Shemeji, hivi anakonda anahitaji maji kiasi gani?" Wanaouliza wanajua kwamba kabla ya kuja huku kufundisha, nilihudumia nyoka kwa miaka sita katika bustani moja ya nyoka huko kwetu. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona heri niyaweke yote hapa, ili anayeuliza kesho aelekezwe asome.

Maswali hayo yote yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni maji. Nyoka mkubwa aliye kifungoni anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike. Maji yakiwa machache, machafu, ya baridi au ya moto, ataugua upesi. Na mwenye kumweka, akikosea kipimo, atajikuta anabeba mitungi usiku na mchana au anaishi na harufu isiyovumilika.

Anakonda na chatu si ndugu wa tumbo moja

Watu wengi humwita kila nyoka mnene anakonda kwa sababu ya filamu. Anakonda ni nyoka wa Amerika Kusini. Kwao ni mabonde ya mito Amazon na Orinoco, mabwawa ya Venezuela na Brazili, hadi kisiwa cha Trinidad. Hapa Afrika hakuna anakonda wa asili hata mmoja. Jina lake la kisayansi, Eunectes, lina maana ya muogeleaji hodari, na umbile lake ni la majini kweli: macho na pua viko juu ya kichwa, ili aweze kujizamisha mwili mzima na kubakisha nje sehemu ndogo tu ya kuonea na kupumulia. Anakonda wa kijani ndiye nyoka mzito kuliko wote duniani. Jike humzidi dume kwa mbali, na jike mkubwa anaweza kupita kilo 90. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai.

Chatu ndiye wetu. Kenya ina chatu wakubwa wa aina mbili, nao hupatikana Pwani na huku kando ya Ziwa Victoria. Chatu hutaga mayai, na jike huyazunguka kwa mwili wake kuyalinda mpaka yaanguliwe. Naye hupenda maji. Mara nyingi utamkuta kando ya mto, kwenye matete au karibu na bwawa la ng'ombe. Lakini chatu ni nyoka wa nchi kavu anayependa kuoga, ilhali anakonda ni nyoka wa majini anayetoka kuota jua. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa birika.

Sheria kwanza

Nisieleweke kwamba nawahimiza watu wakaokote chatu vichakani. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, mnyamapori hawekwi nyumbani bila kibali, na wa kuulizwa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Chatu na anakonda wote wamo pia katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka bila karatasi ni kosa jingine.

Kwa hiyo maelezo haya ni ya watu wa namna tatu: wanaofanya kazi katika bustani za nyoka, wenye vibali halali, na wale ambao nyoka amewaangukia ghafla, kaumia au kanaswa, na wanamhifadhi kwa saa chache wakingoja maafisa. Wa namna hii ya tatu ndio wengi huku Rangwe.

Kwa nini nyoka analowa

Ukimwona nyoka kajikunja ndani ya maji, usiseme tu kwamba anafurahi. Zipo sababu kadhaa, na kila moja ina jibu lake.

Ya kwanza ni kiu. Nyoka hanywi kwa ulimi. Hushusha mdomo majini na kuyavuta taratibu, na ukitazama shingoni utaona misuli ikicheza.

Ya pili ni joto. Nyoka hajitengenezei joto la mwili kama sisi, hulitafuta au kulikimbia. Chatu anayeshinda majini mchana kutwa mara nyingi anakwambia kwamba banda lake ni tanuri. Usimtoe majini kwa nguvu. Punguza joto la banda.

Ya tatu ni kujivua gamba. Siku kadhaa kabla ya kujivua, rangi yake hufifia na macho hufanya ukungu wa kibuluubuluu, kama maji yaliyotiwa tone la maziwa. Kisha macho hung'aa tena, na baada ya siku chache gamba hutoka. Katika muda huo hupenda kulowa, na ni haki yake.

Ya nne ni utitiri. Wadudu hawa wadogo hujificha chini ya magamba na pembeni mwa macho, wakinyonya damu. Nyoka huingia majini ili awazamishe. Chunguza maji baada ya yeye kutoka. Ukiona vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa vimeelea au vimetua chini, umepata jibu.

Ya tano ni woga. Nyoka asiye na pa kujificha huona birika ndiyo maficho pekee. Mwekee pango la mbao au nusu ya pipa lililolazwa, kisha mtazame kwa siku mbili.

Kwa anakonda kulowa muda mrefu ni kawaida, ila hata yeye lazima awe na mahali pakavu pa kulala. Nyoka anayelazimika kukaa kwenye unyevu mchafu bila kukauka hutoka malengelenge kwenye magamba ya tumbo. Mwanzoni ni vipovu vidogo vya maji, baadaye huwa vidonda, na vidonda hivyo vinaweza kuingiza maradhi kwenye damu na kumuua.

Chombo na kipimo

Kanuni ya kwanza ni kwamba nyoka aweze kujikunja mwili wote ndani ya chombo bila kubanwa. Ya pili: kiwe kizito au kimeshindiliwa chini, kisipinduke. Ya tatu: kiwe na kingo anazoweza kuzipanda kwa urahisi. Nyoka anaogelea vizuri, lakini aliyechoka au mgonjwa huzama kama kiumbe kingine chochote akikosa pa kutokea.

Kwa chatu wa wastani, beseni au birika la saruji lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 80 linafaa. Usilijaze. Maji ya kina cha sentimita 15 yanamtosha chatu mzima, na mtoto wa chatu apewe maji yasiyozidi unene wa mwili wake. Piga hesabu: 120 kwa 80 kwa 15 ni lita 144, yaani mitungi saba ya lita 20 na kidogo juu. Kumbuka pia kwamba nyoka mwenyewe anayasukuma maji. Chatu wa kilo 20 akizama wote huyapandisha kwa kama lita 20, ambazo katika birika hilo ni sentimita mbili hivi. Ukijaza hadi ukingoni, yatamwagika na sakafu itakuwa tope.

Kwa anakonda aliyekomaa, beseni halisaidii. Yeye anahitaji bwawa. Tuseme la mita 2 kwa mita 1.5, kina sentimita 40. Hilo ni lita 1,200, sawa na mitungi 60. Uzito wa maji hayo peke yake ni zaidi ya tani moja, kwa hiyo usilijenge juu ya sakafu ya mbao wala ghorofani bila kumuuliza fundi. Na uliwekee tundu la kutolea maji chini. Bwawa lisilo na tundu ni adhabu, kwa sababu utalikausha kwa kikombe.

Joto: Rangwe si Malindi

Hapa ndipo maelezo ya kunakili kutoka sehemu nyingine huwapoteza watu. Maji ya kulowea chatu au anakonda yawe kati ya nyuzi 26 na 30 za sentigredi. Malindi au Mombasa, maji yaliyokaa kwenye pipa kivulini yanakaribia kiwango hicho yenyewe karibu mwaka mzima. Tatizo la Pwani ni jua. Tangi jeusi au bomba lililopigwa na jua la saa nane hutoa maji ya kuunguza, na beseni lililoachwa juani laweza kumpika nyoka ndani yake.

Rangwe ni kinyume. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na sisi wa Rangwe tuko juu zaidi ya ziwa. Mchana kuna jua kali, jioni mvua ya radi hushuka, na usiku unataka blanketi. Maji yaliyolala nje huamka ya baridi. Nyoka akilowa kwenye maji baridi, uyeyushaji wa chakula hupungua na kifua huingiwa na ugonjwa: hupumua mdomo wazi, hutoa mapovu puani, hukoroma. Ukiyaona hayo, mtafute daktari wa wanyama, usingoje.

Tumia kipimajoto. Mkono wa mtu haupimi vizuri, kwa sababu maji ya nyuzi 28 ukiyagusa utayaona ya baridi kidogo, ukaongeza ya moto, ukaharibu. Changanya maji ya moto na ya baridi kwanza, pima, ndipo umkaribishe nyoka. Usimimine maji ya moto akiwa ndani. Kama unatumia kifaa cha umeme cha kupasha maji, kifunikwe kwa kizuizi asikiguse, kiwe na kidhibiti joto, na nyaya zipitie swichi inayokata umeme yenyewe hitilafu ikitokea. Zima kabla ya kutia mkono. Stima ikipotea, na huku hupotea, maji mengi hupoa polepole kuliko machache, kwa hiyo funika sehemu ya bwawa kwa mbao usiku.

Maji gani?

Nyoka hunywa maji yale yale anayoogea. Ukiyakumbuka hayo, maswali mengi yanajijibu.

Maji ya mfereji yanafaa. Kama yana harufu kali ya klorini, yaache kwenye chombo cha wazi kwa siku moja. Maji ya mvua ni mazuri pia, ila yale ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati yaachwe yapite. Maji ya visima vyetu vya Pwani, yale ya chumvichumvi ambayo hata chai hayaivi ladha, yatumike kuoshea birika tu. Ya kulowea yawe matamu. Na maji ya bahari hayafai kabisa. Ukimwona mtu ufukweni anamchovya chatu baharini kumpoza baada ya kumvisha watalii shingoni, jua kwamba mnyama huyo anaongezewa kiu.

Maji ya bwawa la ng'ombe na mtaro wa shamba yana hatari nyingine: minyoo, viluwiluwi vya magonjwa na dawa za mazao. Na kuna jambo nalisisitiza kwa wenzangu wa huku wenye mifugo. Usitumie ndoo au pipa lililowahi kubeba dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, hata ukiliosha mara kumi. Dawa hiyo ni sumu kwa nyoka. Wala usimpake nyoka dawa ya kupe ukidhani unamtibu utitiri.

Usafi

Nyoka wengi hujisaidia majini. Utaona kinyesi pamoja na mabonge meupe kama chokaa, ambayo ndiyo mkojo wake. Hapo maji hubadilishwa saa hiyo hiyo, si kesho. Hata kama hajajisaidia, maji ya chatu yabadilishwe mara tatu kwa wiki, na ya kunywa, kama yako kwenye chombo kingine, kila siku. Bwawa la anakonda lenye pampu na chujio huongeza muda, lakini haliondoi kazi. Chujio huzuia takataka tu, na maji bado huchakaa.

Ukisha kumwaga, sugua utelezi wote kwa brashi. Kisha tumia dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iache dakika kumi, suuza mpaka harufu iishe kabisa, kausha. Usichanganye klorini na siki wala sabuni nyingine ya kusafishia, maana hutoa mvuke wa sumu. Brashi na ndoo za nyoka zisirudi jikoni.

Maji machafu ya nyoka hubeba vijidudu vya salmonela hata kama nyoka mwenyewe ni mzima. Mwaga kwenye shimo au chini ya miti, mbali na kisima, mto na bustani ya mboga. Nawa mikono kwa sabuni. Watoto wadogo, wajawazito na wazee wasishiriki kazi hiyo.

Kumlowesha kwa mkono

Wakati mwingine nyoka hujivua vibaya, gamba likabaki vipandevipande badala ya kutoka zima kama soksi. Hapo waweza kumsaidia. Chukua chombo chenye mfuniko wenye matundu ya hewa, tia maji ya nyuzi 28 yasiyofika juu ya mgongo wake, mwache dakika 20 hadi 30 ukiwa hapo hapo. Kisha mpitishe katikati ya taulo lililoloana ajikwangue mwenyewe. Usivute gamba kavu. Na ule utando wa juu ya jicho usiuguse kwa kucha wala kibanio, kwani ukikosea unalitoboa jicho. Rudia kesho, na ukishindwa mpeleke kwa daktari.

Kwa utitiri, kulowesha hupunguza tu. Wale wa kichwani hawazami, na mayai yako kwenye nyufa za banda. Kwa hiyo toa matandiko yote uyachome, osha banda lote, weka karatasi nyeupe ili uone wanaobaki, na umuulize daktari dawa inayofaa.

Usimwinue nyoka kumpeleka majini akiwa ameshiba. Mpe angalau siku mbili baada ya kula, na zaidi kama mlo ulikuwa mkubwa. Akisumbuliwa atatapika, na kutapika humdhoofisha sana.

Usalama wa watu

Nyoka aliye majini ana nguvu zaidi na haonekani vizuri. Chatu au anakonda anayepita mita mbili na nusu asihudumiwe na mtu mmoja, hata kama umemlea tangu mdogo. Wawe wawili, na wa pili awe mtu mzima anayejua la kufanya. Usiingie kwenye bwawa pamoja naye. Usimweke shingoni. Usisafishe birika mikono ikinuka kuku au sungura, maana nyoka hafuati jina lako, hufuata harufu na joto. Akikuzunguka, hufunguliwa kuanzia mkiani kuelekea kichwani. Banda lifungwe kwa kufuli, na ufunguo usikae mlangoni.

Chatu aliyeungua

Huku kwa Waluo chatu huitwa ng'ielo, na kuna chatu mwenye jina lake mwenyewe, Omieri. Watu wa Nyakach, kaunti jirani ya Kisumu, humhusisha Omieri na mvua na mavuno mema. Mwaka 1987 aliungua kwa moto wa nyika, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa. Mwaka 2003 chatu jike mkubwa alionekana tena Nyakach, watu wakamwita Omieri, wakampelekea chakula, na habari zake zikafika hadi vyombo vya habari vya ng'ambo. Mtu wa Pwani anaweza kuona ajabu, lakini aangalie tunavyowaheshimu mibuyu na mapango kwetu kabla ya kucheka.

Nalitaja hili kwa sababu moto bado unachoma nyoka. Kiangazi kilichopita, watu wakisafisha mashamba kwa moto kungoja mvua za Machi, chatu wa kama mita tatu alipatikana kijijini kwetu amebabuka ubavuni. Vijana walitaka kummaliza. Mama mmoja aliyekuwa amepoteza kuku wanne alikuwa upande wao, na simlaumu, kuku wanne ni karo ya mtoto. Mzee wa boma akakataa. Chatu akawekwa kwenye banda tupu la kuku, simu ikapigwa KWS, tukaambiwa wanakuja. Mzee akanigeukia: "Japuonj, wewe ni mtu wa Pwani na unawajua hawa. Mgeni huyu apewe maji gani?"

Nilimjibu, "Mzee, maji kidogo ya kunywa, kivuli, na watu wakae mbali." Ndivyo ninavyokujibu na wewe. Nyoka aliyeungua hupoteza maji mengi kupitia kidonda, kwa hiyo kiu ndiyo shida ya kwanza. Mwekee karai lenye maji safi, vuguvugu, kina cha vidole vitatu. Usimtumbukize kwenye birika la maji yaliyosimama, maana kidonda wazi kikilowa kwenye maji machafu huoza. Sakafu itandikwe gunia safi au karatasi, si udongo wala majivu. Usimpake samli, dawa ya meno, wala mafuta ya taa. Usimpe chakula. Banda lifunikwe liwe giza, kwani giza humtuliza. Yule wetu alikunywa muda mrefu, mpaka watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Maafisa walipofika kesho yake alikuwa hai, wakamchukua. Na yule mama wa kuku aliondoka na jibu pia: banda lake jipya lina waya mdogo hadi chini, kwa sababu heshima kwa ng'ielo hailipi kuku.

Akikushinda, usimwachilie

Baadhi ya wanaochoka na nyoka wa kigeni huona njia rahisi ni kumtupa mtoni. Ukiwa Rangwe, hoja hiyo haihitaji maelezo mengi. Shuka Homa Bay utazame ghuba ikiwa imefunikwa na gugu maji, mitumbwi ikikosa njia. Gugu hilo kwao ni Amerika Kusini, nchi ile ile ya anakonda, na lilianza kuenea Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Lilipendwa duniani kote kwa maua yake mazuri. Wavuvi wanalilipia hadi leo.

Marekani imejifunza kwa uchungu. Katika mabwawa ya Everglades, Florida, chatu wa Asia waliotokana na biashara ya wanyama wa kufugwa wamezaliana mpaka wanyama wadogo wa huko wamepungua sana. Ndiyo maana mwaka 2012 serikali yao iliwaweka anakonda wa njano na chatu wetu wa Afrika, aina zote mbili, kwenye orodha ya wanyama waharibifu wasioruhusiwa kuingizwa nchini, na mwaka 2015 ikamwongeza anakonda wa kijani. Maji ya joto, matete, ndege na panya tele: Ziwa Victoria na delta ya Tana vina kila kitu ambacho anakonda angekitaka. Akikushinda, mpigie KWS. Makumbusho ya Kisumu na Bustani ya Nyoka ya Nairobi, iliyopo tangu 1961, wana wataalamu. Huko kwetu, Bio-Ken ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, imefanya kazi ya nyoka kwa miongo mingi. Waulize, hawang'ati.

Hesabu ya mwisho

Nimeacha hesabu moja. Birika la chatu la lita 144, likibadilishwa mara tatu kwa wiki, ni lita 432, yaani mitungi 22. Bwawa la anakonda la lita 1,200, hata likibadilishwa mara mbili tu, ni mitungi 120. Kila wiki, mwaka mzima, na chatu anayetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 20.

Huku Rangwe mitungi hiyo hubebwa na punda, na bodaboda, na zaidi ya yote vichwani mwa wanawake na wasichana kabla ya shule. Nina wanafunzi wanaofika darasani wamechelewa kwa sababu ya mtungi mmoja. Kwetu Pwani, mtaa ambao mfereji umekauka wiki nzima, mwenye mkokoteni ndiye mfalme na bei anaipanga yeye. Nyoka aliye kifungoni hakujileta. Akishafungiwa, maji yake ni deni la aliyemfungia, wala si jambo la kumpa yakipatikana.

Basi atakayenipigia simu tena kuuliza anakonda anahitaji maji kiasi gani, nitamuuliza kwanza: yatatoka wapi, na nani atakosa? Akiwa na kibali, ana tangi lake la mvua, ana tundu la kutolea maji na mtu wa pili wa kumsaidia, tutaongea mpaka usiku. Akiwa hana, nitamshauri apande matatu, alipe kiingilio, amtazame nyoka wa watu kwenye birika lake, arudi nyumbani mikono mikavu.